Bata Mzinga wa Baba Mdogo Shaweji

Harufu ninayoanza nayo si nzuri. Anayesoma huku anakula aweke kijiko chini kwanza. Ni harufu ya nyama ya bata mzinga iliyobanikwa kwa moshi, ikalala kikapuni, ikapikwa tena kwa nazi, kisha ikarudi juu kupitia koo la mwanamke mzee. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Bibi yangu Mwanahawa na mimi tulikuwa tumelala dunguni, kile kibanda cha juu ya miti tunachojenga katikati ya mashamba ya mpunga huku kwetu Rufiji, ili mto ukifurika maji yapite chini na watu wakae juu. Chini maji, juu makuti, katikati sisi wawili na matapishi yetu. Kweleakwelea walikuwa wameshuka shambani makundi kwa makundi, wanajilia mpunga bila woga, maana siku hiyo hapakuwa na mtu wa kuvuta kamba ya madebe kuwafukuza. Bibi alilala ubavu, midomo imemkauka, ametapika mpaka kinatoka kitu cha kijani. Akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo, lakini kila neno limekaa mahali pake: "Mwajuma, mjukuu wangu, hii nyama uliyoniletea ilichinjwa?" Nilikuwa na miaka tisa. Jibu nilikuwa nalo. Duniani kote tulikuwa nalo watu wawili, labda watatu. Nikamwambia, "Ilichinjwa, bibi." Akasema alhamdulillahi, akaniachia mkono. Mimi nilipona. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimeona mengi, lakini lile "ilichinjwa" bado liko hapa kooni, halishuki wala halipandi.

Sasa nirudi nyuma, maana mambo hayakuanzia dunguni. Yalianzia Mkongo, nyumbani kwa baba mdogo Shaweji, mdogo wake baba yangu wa tumbo moja. Baba alikuwa delta huko, anakata mikoko, na mama alimfuata kumpikia, nami nikaachwa kwa baba mdogo nisome. Kusoma kwenyewe niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwenye kutafuta Kiswahili cha kupambwa hapa amekosea mlango. Baba mdogo alikuwa mchinjaji. Mkongo nzima, mtu akiwa na kuku wa hitima au mbuzi wa akika, anaitwa Shaweji. Kisu chake alikiweka kwenye ala ya ngozi juu ya mlango, na sisi watoto tulikatazwa hata kukitazama sana. Bibi, ambaye ndiye mama yake mzazi, hakula nyama ya mtu ovyo. Ukimletea sahani anauliza kwanza, "Nani kachinja?" Ukisema fulani, anaweza kuisogeza pembeni akasema ameshiba. Ukisema Shaweji, anasema "Basi," ananawa mikono. Jina la mwanawe lilikuwa ndicho kifuniko cha chungu chake.

Mwaka huo, kabla ya Ramadhani, baba mdogo alikwenda Nyamwage, akarudi na bata mzinga amemkumbatia kama mtoto. Kule barabarani kulikuwa na mtu anawafuga, lakini Mkongo hapakuwa na mwenye ndege huyo. Watoto walijaa uani. Kichwa hakina manyoya, chekundu hapa, cha buluu pale, na ule mnofu unaoning'inia puani ukirefuka na kufupika, unatisha na kuchekesha. Akitanua mkia, majogoo yetu matano yanakimbilia chini ya uchaga. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu alikaa na kamba mwezi mzima, anakula pumba na mchele wa kuchagua huku sisi tunakula chenga. Baba mdogo akatangaza: Idi hii, pilau la bata mzinga. Akamwalika mwalimu wa madrasa, akaalika majirani wa pande zote, akatuma salamu dunguni kwa bibi kwamba ataletewa paja zima. Kila aliyepita njiani aliitwa aje amtazame. "Huyu si ndege, huyu ni mbuzi mwenye mabawa," anasema, na watu wanacheka, na yeye anavimba kuliko bata mwenyewe.

Ikafika siku ya ishirini na tisa. Jioni ile baba mdogo alimfunga bata mzinga miguu, akamfunika kwa tenga kubwa nyuma ya jiko, akaweka jiwe juu yake. Akasema asipewe chakula wala maji, ili matumbo yawe meupe, kesho alfajiri achinjwe. Sote tukasimama kutazama magharibi. Mwezi haukuandama. Redio ya jirani ikasema hivyo hivyo, haukuonekana, funga ni thelathini. Watu wakarudi ndani kwa shingo upande kutayarisha daku, na hakuna aliyemkumbuka yule aliye chini ya tenga. Asubuhi ikapita. Kila mtu ana kiu yake, kila mtu anatafuta kivuli chake, nani akumbuke kiu ya ndege? Tena sisi watoto tulipomsikia anakwaruza kwaruza tulicheka, tukasema, "Na yeye amefunga leo!" Tuliona ni jambo la kuchekesha kweli. Jua la adhuhuri lilipogeuka, lile tenga lilibaki uchi mbele ya ukuta wa udongo, na ukuta wenyewe unatema joto kama tanuri.

Hapa lazima nijitaje na mimi. Huku kwetu mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha tunamwita kobe, kwa jinsi anavyoingiza kichwa ndani. Mimi nilikuwa nimejigamba kwa wenzangu kwamba nafunga siku zote. Uongo mtupu. Siku ile ya thelathini baada ya adhuhuri nilikuwa nimejibanza nyuma ya jiko, katikati ya ukuta na rundo la kuni, na bakuli la kiporo cha mihogo ya nazi iliyobaki daku. Mihogo imeganda, tui limeshikana juu kama mafuta ya kujipaka, na mimi nakula kwa vidole vyote. Ndipo nikamsikia baba mdogo anakuja. Nikaingiza kichwa ndani kama kobe kweli.

Akaondoa jiwe, akainua tenga. Bata mzinga alikuwa amelala ubavu, shingo imenyooka, jicho moja limefunikwa na utando mweupe, na nzi wamekwishafika wanatembea juu yake. Baba mdogo akamsukuma kwa mguu. Kimya. Akachutama, akamshika shingo, akaiachia, ikaanguka pu. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Ninaapa kwa aliyeniumba, nilidhani atapiga kelele, atamlaumu mtu, atasema bahati mbaya. Yale majogoo matano yalikuwa yanaparura palepale hatua tatu kutoka mkononi mwake. Angekamata mawili tu, Idi ikaendelea. Hakukamata. Alichomoa kisu, akamwelekeza maiti wa ndege kibla, akapaza sauti mpaka barabarani wakasikia, "Bismillahi, Allahu Akbar!" Akakata. Damu haikuruka. Ilijikusanya pale kwenye mkato, nyeusi, nzito kama ute wa bamia uliolala, ikadondoka tone moja, na la pili likakataa. Kisha akafanya jambo ambalo nikilala naliona na nikiamka naliona. Aliweka kisu chini, akashika mabawa yote mawili kwa mikono yake, akaanza kuyapigapiga ardhini, pa-pa-pa-pa, vumbi likatimka, ili waliomo ndani wasikie ndege anavyokata roho. Ndani mama mdogo Zuhura, mkewe, akaitikia kwa furaha, "Eeh, ana nguvu huyo!" Baba mdogo akaendelea kidogo, akapunguza, pa... pa..., akaacha. Alikuwa anahema yeye, si bata.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya nyama aijuaye anayeiosha. Mama mdogo alimnyonyoa kwa maji ya moto, na mimi nikaitwa kusaidia. Ngozi ilikuwa na mabaka ya zambarau, na tulipompasua harufu ilitoka ya matumbo yaliyokaa, ikanishika pua mpaka macho yakatoa machozi. Mnofu ulikuwa umevilia damu. Mama mdogo alitazama mkato wa shingo, akatazama nyama, akatazama mlango. Kisha akasema, "Lete malimau. Lete yote." Aliiosha kwa malimau, akaiosha kwa chumvi, akaichemsha akamwaga maji, akaichemsha tena akamwaga tena, akaipaka tangawizi na kitunguu saumu hadi mikono ikamwasha. Sijawahi kuona nyama ya Idi ikioshwa kama mtu anayefuta ushahidi. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mama mdogo, huyu ni kibudu. Nimemwona, alikuwa amekwisha kufa." Yeye akaacha kuosha. Alimwita mumewe.

Baba mdogo akaja, na nyuma yake watoto wote wa nyumba na jirani mmoja aliyekuja kuazima mbuzi ya nazi. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitabasamu, akauliza polepole, "Umeona ukiwa wapi, mwanangu?" Nikasema nyuma ya jiko. "Ulikuwa unafanya nini huko?" Akaenda mwenyewe, akarudi na bakuli langu lenye tui lililoganda na alama za vidole vyangu. Akaliinua juu kama mtu anayenadi samaki. "Mwenye kumdanganya Mungu mchana kweupe," akasema, "ndiye huyu anataka kunitia mimi doa." Yule jirani akasema astaghafirullah. Watoto wakaanza palepale, "Kobe! Mwajuma kobe!" Basi ikawa imekwisha. Mchinjaji wa kijiji kizima upande huu, kobe wa miaka tisa upande ule. Ungekuwepo, ungemwamini nani?

Idi mosi ikafika. Pilau lilinukia, siwezi kukataa. Karafuu, mdalasini, iliki, bizari, mama mdogo alimwaga kabati zima ndani ya sufuria. Lakini chini ya yote hayo mimi niliisikia ile nyingine, imejificha kama panya ndani ya mpunga. Wageni wakakaa mkekani, sinia likawekwa, mwalimu wa madrasa akanyoosha mkono. Baba mdogo akasema, "Subirini. Aanze Mwajuma, yeye jana alikuwa na mashaka." Wakacheka wote. Akanichagulia shingo, palepale penye mkato. Nilitafuna. Nyama ilikuwa na nyuzi nyuzi, na katikati ya mfupa palikuwa na kitu laini cheusi kilichokatika mdomoni na kuacha ladha ya chuma. Nikameza. "Haya, tamu au si tamu?" Nikasema tamu. Wakanawa, wakala, wakasifu, wakajilamba vidole, mwalimu akaomba dua ya baraka. Na Shaweji? Shaweji alishika shavu, akasema jino linamuuma tangu alfajiri, akaletewa uji. Mkewe naye alikuwa na kazi jikoni, hakukaa kabisa. Mnaona? Wakubwa waliojua hawakula. Sisi ndio tuliokula.

Bata mzinga si kuku, haishi kwa siku moja, na hapo ndipo ubaya ulipopata miguu. Idi pili ile nyama iliyobaki ilitiwa tui, ikawa mchuzi wa kulia wali. Siku ya tatu mifupa ikachemshwa supu, ikakamuliwa ndimu, akapewa kila aliyepita. Watu wawili watatu waliharisha, wakasema ni vyakula vingi baada ya kufunga. Lile paja la bibi lilikuwa bado, limeshachemshwa, limewekwa juu ya uchaga wa jikoni linakula moshi. Kwa rangi lilifanana na gogo la mkaa, lakini ukilibonyeza karibu na mfupa linabonyea, na maji yanatoka. Nilidhani watalitupa. Lakini wangetupaje? Mkongo nzima ilikwisha kusikia kwamba mama yake Shaweji atapata paja. Mtoto ale bata mzinga asimpelekee mama yake, atatembeaje njiani? Siku ya nne akanipa kikapu. Akaniinamia, pumzi yake nzito, akasema, "Ukifungua mdomo kule dunguni, baba yako akirudi namwambia ulikula Ramadhani nzima. Na bibi yako atajua ana mjukuu wa namna gani." Mtu akanivusha kwa mtumbwi. Kikapu nilikipakata mwenyewe, na kila mtumbwi ulipoyumba nilikikumbatia kisianguke majini. Ni mimi huyo, nilikikumbatia.

Bibi alifurahi jamani. Alipokea kikapu kwa mikono miwili. Akauliza kama kawaida yake, "Nani kachinja?" Nikasema, "Baba mdogo." Akasema "Basi," akanawa. Alilipika lile paja kwa nazi, akalila usiku, akalila asubuhi, akabakiza akalila tena kesho yake, kila tonge anamwombea dua mwanawe aliyemkumbuka. Mimi aliniwekea vipande, na nilikula, ningesema nini? Alisema tu kwamba ndege huyu ana harufu ya kigeni. Siku ya tatu tumbo likatushika sote wawili, na mengine nimekwisha kuyasema pale mwanzo. Aliniuliza, na nilimdanganya. Mtu anaweza kusema niliogopa baba mdogo, na kweli niliogopa. Lakini niliogopa pia kumwona mtu safi kama yule akijua alichonacho tumboni, tena nimemletea mimi. Tukaonwa na mwenye shamba la pili alipoona ndege wanakula na hakuna kelele za madebe. Bibi alifika Mkongo hai, akafariki siku ya pili. Kilichomuua hasa, daktari hakuitwa, sina elimu ya kukisema, na sitasema nisilolijua. Ninalolijua ni kwamba mwanamke aliyekuwa akiuliza maisha yake yote nani kachinja, alikwenda kaburini na kibudu tumboni, kilichotoka mkononi mwa mtoto wake mwenyewe. Na mtoto huyo alilia msibani kuliko wote. Alishikwa na watu wawili. Siku ya saba akachinja mbuzi.

Baba yangu alirudi, nikamwambia; akanizaba kofi kwa kumsingizia mdogo wake. Nikanyamaza. Jina la kobe likanifuata mpaka nimeolewa. Hata leo wako wanawake wa rika langu wanaoniita Mwajuma Kobe, wakiona ni utani mtamu.

Sasa tazameni dunia ilivyogeuka. Idi iliyopita tulikusanyika Kibiti, kwa mpwa wangu Rukia, ana nyumba ya bati jipya na friji. Bata mzinga alinunuliwa dukani mjini, amefungwa kwenye plastiki, mgumu kama jiwe, hana kichwa, hana miguu, hana manyoya, hakuna mtoto aliyekimbia kumtazama. Kiporo hakiendi tena juu ya uchaga, kinaingia ndani ya makopo ya mifuniko, kila kopo limeandikwa siku. Usafi nausifia. Zamani sio kila kitu kilikuwa kizuri, mnisamehe wale mnaopenda kuililia. Na pale kwenye kiti cha heshima alikaa baba mdogo Shaweji, sasa ni Mzee Shaweji, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi, Ijumaa anakaa safu ya mbele. Sahani ikawekwa mbele yake. Akaisogeza kidogo kwa kidole kimoja, akauliza, "Nani kachinja?"

Kwa sauti ileile ya bibi. Rukia akakimbia kuleta plastiki, akamwonyesha mhuri wa halali. Vijana wakatikisa vichwa: mzee makini huyu, watu kama hawa wamebaki wachache. Mimi nikaisikia ile mihogo iliyoganda, ile ladha ya chuma mdomoni, yale maji ya kijani ya bibi, vyote kwa pamoja. Nikamwambia mbele ya watu, "Baba mdogo, na yule wa Mkongo, alichinjwa na nani?" Alinitazama. Macho yake yalikumbuka, niliyaona yanakumbuka. Kisha akacheka, akawageukia vijana. "Mwajuma bado ana njaa ya mchana tu?" Sebule nzima ikacheka, na walioelewa wakawaeleza wasioelewa, na Rukia akaniambia kwa upole, "Mama mkubwa, kula basi, itapoa." Sikula. Nilitoka nje, nikatapika ukutani pasipokuwa na kitu cha kutapika.

Ndiyo maana nimeandika. Mama mdogo Zuhura amekwisha tangulia, aliosha nyama akanyamaza, atajibu aliko. Mimi nimekwisha kujibu la kwangu hapa, mbele ya kila mtu: nilibeba kikapu, nilimdanganya bibi. Umebaki wewe, baba mdogo. Sitaki kitu chako, na sitaki ufungwe. Mtu wa umri wako gereza ni bure. Nataka Ijumaa moja, watu wakiwa bado wamekaa, usimame kwenye ile safu yako ya mbele, useme mama yako ulimlisha nini. Na kama hayo yote ni mazito, basi acha yote, nijibu hili moja tu, tena uwajibu na wale wanaoniita Kobe. Siku ile ya thelathini, nyuma ya jiko, bata mzinga amelala na nzi wanatembea machoni mwake. Yale mabawa yaliyosikika mpaka ndani, baba mdogo, alikuwa anayapiga nani?